Iningi tano za kwanza: historia ya kamari iliyozidi kukatwa vipande

Nimekuwa kimya kidogo, kazi za watu zimenibana, lakini kuna jambo limenikaa kichwani wiki mbili sasa na naona nisipoliandika halitanitoka.

Kijana mmoja wa ploti yetu alinigongea mlango usiku, simu mkononi. Anajua mimi huandika programu. "Kaka, hii ni hesabu tu," akaniambia. "Niandikie kitu kidogo kiniambie ni timu gani itakuwa mbele baada ya iningi tano." Nikaangalia simu. Mchezo wa besiboli wa timu za taifa, nchi mbili ambazo hajawahi kufika, mchezo ambao hajawahi kuutazama hata mara moja mwanzo hadi mwisho. Handikapu ilikuwa nusu mkimbio. Nilipomuuliza pesa ni za nini, akanijibu bila aibu kwamba ni za kodi ya nyumba, lakini zitarudi kabla ya tarehe tano.

Nikamwomba siku chache. Programu sikuandika. Badala yake nilisoma historia ya hiyo kamari, kwa sababu sisi watu wa kompyuta tuna tabia moja: ukiletewa kitu cha ajabu, kwanza unauliza kimefikaje hapo kilipo. Haya basi, nilichokipata ndicho hiki.

Kwa wasioufahamu mchezo: besiboli ina iningi tisa, yaani ngwe tisa. Katika kila iningi kila timu hupata zamu moja ya kupiga, na zamu huisha wapigaji wake watatu wakishatolewa. Anayezunguka vituo vyote na kurudi alikoanzia anaipatia timu yake mkimbio mmoja. Hakuna saa wala kipenga cha dakika ya tisini. Mtu mkubwa uwanjani ni mrushaji, yule anayesimama katikati na kumrushia mpigaji mpira. Kama mrushaji ana siku nzuri, timu pinzani inaweza kukaa iningi nne au tano bila kitu. Mkilishika hilo la mrushaji, mengine yote yatafuata.

Kamari yenyewe ni kongwe karibu sawa na mchezo. Ligi ya National League ilianzishwa Marekani mwaka 1876, na mwaka uliofuata tu ilikuwa tayari na kashfa. Timu ya Louisville Grays ilikuwa ikiongoza, kisha ghafla ikaanza kupoteza michezo kwa makosa ya kitoto. Wachezaji wanne wakafungiwa maisha: Jim Devlin, George Hall, Al Nichols na Bill Craver. Devlin ndiye aliyekuwa mrushaji. Siku hizo mtu aliweka pesa kwa jambo moja tu, nani atashinda, kwa hiyo aliyetaka kununua matokeo ilimbidi anunue mchezo mzima.

Kisha ikaja 1919, mwaka ambao Wamarekani hawajausahau mpaka leo. Chicago White Sox walikutana na Cincinnati Reds katika fainali za taifa, World Series. Kundi la wachezaji wa Chicago lilikuwa limekubaliana na wacheza kamari kwamba litapoteza. Tarehe 1 Oktoba, mchezo wa kwanza, mrushaji Eddie Cicotte alisimama iningi ya kwanza mbele ya mpigaji wa kwanza wa Cincinnati, Morrie Rath. Mrusho wake wa pili ukampiga Rath mgongoni. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara kwamba mpango unaendelea. Cicotte alikuwa ameshapokea dola 10,000. Cincinnati wakashinda siku hiyo 9-1, na mwisho wakachukua ubingwa kwa michezo mitano dhidi ya mitatu.

Mahakama iliwaachilia washtakiwa mwezi Agosti 1921, lakini kamishna mpya wa besiboli, jaji Kenesaw Mountain Landis, akawafungia wanane maisha bila kujali hukumu hiyo. Mmoja wao, Buck Weaver, alifungiwa kwa kosa la kujua na kunyamaza. Wekeni akilini hiyo idadi, wanane. Kuuza fainali nzima kulihitaji kundi, mikutano hotelini, pesa za kugawana, na watu wengi wa kunyamaza. Ndiyo maana ilijulikana. Siri ya watu wanane si siri.

Sasa tuje kwenye handikapu. Kwa muda mrefu mwenye kibanda cha kamari alikuwa na tatizo: timu kali ikikutana na dhaifu, kila mtu anaweka upande mmoja. Dawa yake ilikuwa kuipa timu dhaifu pointi za bure kwenye karatasi. Anayetajwa sana kuwa baba wa utaratibu huo ni Charles K. McNeil wa Chicago, mtu aliyewahi kufundisha hisabati, ambaye miaka ya 1940 alianza kuuza dau la tofauti ya pointi badala ya dau la mshindi. Swali likabadilika. Halikuwa tena "nani atashinda?" bali "atashinda kwa ngapi?"

Mabadiliko hayo yaonekane madogo lakini hayakuwa madogo hata kidogo. Mwaka 1951 Marekani ilitikiswa na kashfa ya mpira wa kikapu wa vyuo vikuu. Miongoni mwa waliokamatwa walikuwa wachezaji wa City College ya New York, chuo kilichokuwa kimetwaa makombe mawili makubwa ya taifa mwaka 1950. Walichouza ni pointi, mara nyingi wakihakikisha tu kwamba timu yao inashinda kwa tofauti ndogo kuliko ile ya kwenye karatasi. Mchezaji angeweza kujidanganya kwamba hajaisaliti timu, kwani si imeshinda? Tofauti ya pointi ilikuwa imefungua mlango ambao haukuwepo.

Kwenye besiboli handikapu ilikuja kwa sura yake. Mikimbio ni michache, na karibu michezo mitatu kati ya kumi ya ligi kuu ya Marekani, MLB, huamuliwa kwa mkimbio mmoja tu. Kwa hiyo handikapu ya kawaida ikawa mkimbio mmoja na nusu: timu pendwa lazima ishinde kwa mikimbio miwili au zaidi. Ile nusu ni ya kuzuia sare, kwani hakuna timu iliyowahi kupata nusu mkimbio.

Na hapa kuna hitilafu ndogo ambayo mtu wa programu ataipenda. Timu mwenyeji hupiga ya pili katika kila iningi. Ikiwa iko mbele baada ya wageni kumaliza zamu yao ya tisa, mchezo umekwisha, wenyeji hawapigi tena. Na wakiwa nyuma au sare, wakipata mkimbio wa ushindi katika zamu hiyo ya mwisho, mchezo unakatwa palepale. Maana yake wenyeji hushinda kwa mkimbio mmoja mara nyingi kuliko ambavyo ungetegemea, na aliyeweka pesa kwamba watashinda kwa miwili analia. Iningi tano za kwanza hazina shida hiyo, kila timu imepata zamu tano kamili. Ni kipande safi cha data. Ndiyo maana wachambuzi wanakipenda.

Sababu ya pili ya kipande hicho ni mrushaji. Mwaka 1904 Jack Chesbro wa New York alianza michezo 51 na kuimaliza 48 peke yake, bila kupumzishwa. Msimu wa 2024 ligi nzima yenye timu 30 haikufikisha michezo 48 ya namna hiyo, warushaji wote wakijumlishwa pamoja. Siku hizi mrushaji anayeanza hufanya iningi tano au sita, halafu unaanza msururu wa warushaji wa akiba, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Aliyekuwa amepima warushaji wawili wanaoanza alitaka kuweka pesa juu ya hao wawili tu, asiangushwe na mtu wa akiba anayeingia iningi ya nane. Tano nayo ni namba yenye uzito katika kanuni za mchezo wenyewe: mvua ikinyesha baada ya iningi tano mchezo unaweza kuhesabiwa kamili, na mrushaji aliyeanza hahesabiwi ushindi mpaka amalize tano. Mpaka ulikuwa umechorwa tayari, wacheza kamari wakaukuta.

Hisabati nayo ilikuwepo mapema kuliko kompyuta za mezani. Mwaka 1961 Mkanada mmoja, George Lindsey, aliyekuwa akifanya utafiti wa kijeshi, alichapisha makala ya takwimu kuhusu jinsi matokeo ya mchezo wa besiboli yanavyokua iningi kwa iningi. Baadhi ya data zake zilitoka kwa baba yake mzazi, aliyekaa na redio akiandika mamia ya michezo kwa mkono. Fikiria hiyo hifadhidata! Moja ya mambo yanayoonekana ukigawa mchezo hivyo ni kwamba iningi hazifanani. Ya kwanza ina mikimbio mingi, kwa sababu kocha hupanga wapigaji wake wazuri watangulie. Ya pili ni kavu, kwa sababu sasa wamefikiwa walio chini ya orodha. Kwa hiyo anayechukua wastani wa mchezo mzima, akagawa kwa tisa, akazidisha kwa tano, ameshaanza vibaya. Baadaye, mwaka 1989, shirika la watu wa kujitolea liitwalo Retrosheet lilianza kukusanya kumbukumbu za michezo ya zamani, pigo kwa pigo, na kuzigawa bure. Mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuzishusha na kujaribu.

Kijana wangu angesema, "Si umeona? Hesabu tu!" Subiri kwanza.

Tuseme timu moja ni bora kuliko nyingine kwa mkimbio mmoja kwa kila mchezo wa iningi tisa, na tuseme matokeo huyumba kwa kiasi cha mikimbio 4.3 juu na chini ya wastani huo. Ukipiga hesabu ya kawaida, timu bora itakuwa mbele takriban mara 59 kwa mia. Sasa kata mchezo ubaki iningi tano. Ubora wake unapungua kwa uwiano wa tano kwa tisa, lakini kuyumba kunapungua kwa kipeuo cha pili tu cha uwiano huo. Matokeo yake, 59 inashuka hadi kama 57, na hapo sijahesabu sare, ambazo katika iningi tano ni nyingi. Yaani kadiri unavyokata mchezo mfupi, ndivyo bahati inavyopata sehemu kubwa na ujuzi sehemu ndogo. Halafu mwenye kibanda ana chake. Kwa bei ya kawaida ya Marekani unaweka 110 ili upate faida ya 100, na ili usipate hasara tu unahitaji kushinda mara 52.4 kati ya mia. Ile 57 niliyoipata ni ya mtu anayejua kwa hakika nani bora na kwa kiasi gani, tena mwenye kibanda awe hajui. Nani huyo?

Kwenye michezo ya timu za taifa mambo yanazidi kuwa magumu. Mashindano makubwa, World Baseball Classic, yalianza 2006. Klabu za ligi hazitaki warushaji wao waumie mwezi Machi, kwa hiyo kuna kikomo cha mirusho. Mwaka 2023 mrushaji hakuruhusiwa kuzidi 65 katika hatua ya kwanza, 80 katika robo fainali, na 95 kuanzia nusu fainali. Mirusho 65 mara nyingi haitoshi iningi tano. Ile hoja nzima ya "naweka pesa kwa warushaji wawili tu" inakufa hapo, lakini dau la iningi tano limebaki kwenye orodha kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Tazama fainali ya 2023, Miami, Japani dhidi ya Marekani. Shota Imanaga alianza kwa Japani akarusha iningi mbili tu. Merrill Kelly wa Marekani hakumaliza ya pili. Baada ya iningi tano Japani ilikuwa mbele 3-1 na tayari ilikuwa imetumia warushaji watatu, na mpaka mwisho ikatumia saba. Mchezo ukaisha 3-2, Shohei Ohtani akimtoa Mike Trout, mwenzake wa klabu moja, kwa mrusho wa mwisho. Aliyeipa Japani handikapu ya mkimbio mmoja na nusu kwa iningi tano alilipwa, na aliyeipa handikapu ileile kwa mchezo mzima alipoteza. Ni mchezo uleule na timu ileile.

Siku moja kabla yake, nusu fainali, ilikuwa kinyume chake. Meksiko iliongoza 3-0 baada ya iningi tano. Japani ikasawazisha iningi ya saba, ikapitwa tena, na Munetaka Murakami akaimaliza 6-5 kwa pigo la mwisho iningi ya tisa. Dunia nzima inakumbuka kwamba Japani ilishinda, lakini kwa mwenye dau la iningi tano Meksiko ndiyo iliyoshinda, tena kwa mbali.

Na hatua ya makundi, mwezi uleule, Korea Kusini iliifunga China 22-2 na mchezo ukasimamishwa baada ya iningi tano, kwa sababu kanuni ya huruma inasema tofauti ikifika mikimbio 15 inatosha. Hapo iningi tano za kwanza zilikuwa ndizo mchezo mzima. Programu yangu ingejifunza nini kutoka kwa data kama hiyo? Bingwa wa 2023 alicheza michezo saba tu. Saba! Na mashindano yenyewe huja baada ya miaka kadhaa, wachezaji wakiwa wamebadilika. Ukimfundisha mtoto kuhesabu kwa mifano saba atakwambia dunia ina namba saba.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana besiboli si ya Marekani peke yake, na majeraha ya kamari si ya Marekani peke yake. Japani ilipitia kashfa iliyoitwa Ukungu Mweusi kati ya 1969 na 1971, ambapo warushaji wa Nishitetsu Lions walihusishwa na kuuza michezo kwa wahalifu. Mmoja wao, Masaaki Ikenaga, alifungiwa maisha 1970 akiwa kijana mwenye kipaji kikubwa, akaondolewa adhabu 2005 akiwa mzee. Kamari ya chini kwa chini ya huko imekuwa ikiendeshwa kwa handikapu, na kuna watu kazi yao ni kuzipanga tu. Mwaka 2010 ilifichuka kwamba hata wanamieleka wa sumo walikuwa wakiweka pesa kwenye besiboli kupitia magenge. Kotomitsuki, mwenye cheo cha pili kwa ukubwa katika sumo, akafukuzwa, na shirika la utangazaji la taifa, NHK, likakataa kuonyesha moja kwa moja mashindano ya Nagoya.

Taiwan ndiko nilikosikitika zaidi. Ligi yao ya kulipwa ilianza kuchezwa 1990 na watu wakaipenda mno. Mwaka 1997 wachezaji wa China Times Eagles wakakamatwa kwa kuuza michezo, na timu ikavunjwa. Wachezaji wengine hawakuuza kwa tamaa, walitishwa na magenge. Kashfa zikaendelea kurudi, 2008 timu ya dmedia T-Rex ikafukuzwa, na msimu wa 2009 ligi ikabaki na timu nne. Mashabiki waliacha kwenda uwanjani. Ukiona mrushaji amekosea, hujui kama amekosea au amelipwa, na mchezo ambao huwezi kuamini makosa yake huwezi kuutazama. Hiyo ndiyo hasara halisi, na haionekani kwenye jedwali lolote la faida.

Turudi Marekani. Pete Rose, mtu mwenye mapigo 4,256 yaliyofaulu, zaidi ya yeyote katika historia ya ligi, alifungiwa Agosti 1989 kwa kuweka dau kwenye besiboli. Mwaka 1992 bunge lilipitisha sheria ya kuzuia majimbo mengi kuruhusu kamari ya michezo. Mwezi Mei 2018 mahakama ya juu ikaitupa sheria hiyo, na katika miaka michache kamari ikahamia kwenye simu. Hapo ndipo kukata vipande kukawa kazi ya kompyuta. Kibandani karani mmoja hawezi kupanga bei mpya kila sekunde kumi, lakini seva inaweza. Dau likatoka mchezo mzima, likaja iningi tano, likaja iningi moja, likaja mrusho mmoja: je, huu utakuwa mzuri au mbovu? Utazidi kasi fulani au la?

Mwezi Juni 2024 Tucupita Marcano akawa mchezaji wa kufungiwa maisha. Alikuwa ameweka zaidi ya dola 150,000 kwenye besiboli, zikiwemo dau juu ya klabu yake mwenyewe wakati akiuguza jeraha. Ligi ilitoa takwimu moja ambayo ningependa ibandikwe kwenye kila simu: katika dau zake za MLB alishinda asilimia 4.3 tu. Huyu alikuwa mchezaji wa ligi kuu. Anawajua watu hao kwa sura, amekaa nao kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Asilimia 4.3!

Kisha Novemba 2025. Waendesha mashtaka wa Brooklyn waliwashtaki warushaji wawili wa Cleveland Guardians, Emmanuel Clase na Luis Ortiz, wakiwatuhumu kupanga na wacheza kamari kuhusu mirusho fulani, kwamba iwe mibovu au ya polepole. Wote wawili walikana mashtaka, na mimi si hakimu. Lakini angalia tuhuma yenyewe ilivyo. Haihusu kupoteza mchezo wala kupunguza pointi. Inahusu mpira mmoja wa kwanza kwenye iningi, uliorushwa nje kidogo, kitu ambacho mrushaji yeyote hukifanya mara nyingi kwa siku bila mtu kushtuka. Mara tu baada ya mashtaka, ligi ilitangaza kwamba kampuni za kamari zimekubali kuweka kikomo cha dola 200 kwa dau za mrusho mmoja, na kuzizuia zisiunganishwe na dau nyingine.

Mnaona mzunguko? Mwaka 1919 mrusho mmoja wa iningi ya kwanza ulikuwa ishara tu ya udanganyifu, na udanganyifu wenyewe ulihitaji watu wanane na michezo minane. Miaka mia moja na sita baadaye mrusho mmoja unatajwa kuwa ndio udanganyifu mzima, na mtu mmoja anatosha. Katika kazi yetu tunafahamu kanuni hii. Kila mlango unaoongeza kwenye mfumo ni mahali pengine pa kuvunjiwa. Mtu akijenga nyumba ya milango mia tatu asishangae wezi wakiwa hodari.

Sisemi kila mchezo unauzwa, la hasha. Tarehe 24 Novemba 2024, Tokyo, fainali ya mashindano ya Premier12. Japani ilikuwa imeshinda michezo 27 mfululizo ya mashindano ya kimataifa. Mpinzani alikuwa Taiwan, ile ile ambayo ligi yake ilibaki na timu nne. Iningi nne bila mkimbio. Iningi ya tano Lin Chia-cheng akapiga mpira nje ya uwanja, na kabla iningi haijaisha nahodha Chen Chieh-hsien akapiga mwingine wenye mikimbio mitatu. Nne kwa bila, na ikabaki hivyo mpaka mwisho. Nchi ilikesha ikishangilia. Nchi iliyokuwa imeacha kuamini macho yake iliamini tena. Ni kweli, kuna watu waliotazama iningi ile ya tano wakiwaza handikapu tu. Nawahurumia, maana walikuwa na tiketi ya kuona jambo kubwa wakaona namba.

Nilimweleza kijana wangu haya yote, si kwa urefu huu. Nikamchorea ile hesabu ya 57 na 52.4 kwenye karatasi, nikamwambia hata nikiandika programu nitakuwa nimekuandikia bahati kwa lugha ya kompyuta. Alisikiliza kwa adabu, kichwa akitikisa. Nikadhani nimefaulu. Kisha akaangalia simu yake kidogo, akaniuliza: "Sawa kaka, nimekuelewa, hizo tano ni ngumu. Na ile ya iningi ya kwanza peke yake?"

Nilicheka, halafu kicheko kikakatika. Ndivyo historia nzima ilivyokwenda, ameirudia kwa sentensi moja, kwenye ngazi za ploti yetu. Nikamwambia twende kwa mwenye nyumba sasa hivi, ulipe zile pesa zilizopo kabla hazijawa iningi ya kwanza. Alilipa nusu. Nusu nyingine aliniambia "imeshaingia", na sikumuuliza imeingia wapi.

Haya, nimechoka, na kesho kuna kazi. Tukijaliwa, wiki ijayo nitarudi kwenye mambo yetu ya kawaida ya hifadhidata. Kwaherini.